Tulikuwa Tunakwenda Lima, Wakaja na Vyakula vya Msiba

Shangazi Nkatha mpendwa,

Naomba unisaidie kabla Alhamisi ijayo, siku ya safari yetu, haijafika, maana nimejifunga kamba mwenyewe na sijui pa kuifungulia. Mimi ni Mtanzania, nesi, nakaa Crystal, huku Marekani, na mume wangu Melkiori, ndoa yetu ina miaka kumi na minne na hatujawahi kusafiri wawili tu, kila likizo ni kwenda kwetu Kibosho kuozesha au kuzika, basi mwaka jana Melkiori akaazima maktaba kitabu cha Lima, mji mkuu wa Peru, akaupenda, akanunua kanda za kujifunza Kispania, akawa anazisikiliza garini kila siku akienda kazini Eden Prairie na kuzijibu kwa sauti peke yake, kisha akapanga kwenye karatasi siku zetu moja moja, Ijumaa kutembea Miraflores, mtaa ulio juu ya bahari, Jumamosi kanisa kuu na samaki wa ndimu, na Jumapili ameandika “kukaa tu na mke wangu”. Shangazi, niliisoma nikalia.

Ila niliona haya kusema, watu wetu wangeuliza ni Waafrika gani hawa wanaokwenda Peru kupunga upepo badala ya kwenda kwao, kwa hiyo nilipomwomba Generosa, mwenyekiti wa kina mama kanisani, anishikie zamu ya usafi, nikasema tu tunasafiri siku nne, na unajua hapa mtu akisafiri siku nne kila mmoja anajua ni msiba nyumbani, akanishika bega akauliza, “Ni mama yake Melkiori? Si alikuwa anaumwa?” nami nikainamisha kichwa, sikusema ndiyo, sikusema hapana, nikadhani yataishia hapo.

Jioni ileile wakaja kina mama tisa na theluji mabegani, kila mmoja na sufuria, Maureen wa Coon Rapids ananiambia “Usi-worry na kupika my dear, wewe kaa tu,” wakaanza kuimba, na Melkiori akaingia kutoka kazini, wakamkumbatia wakimpa pole ya mama, nikamvuta chumbani nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Kesho yake akapiga simu parokiani Kibosho mpaka mama akaletwa, mzima, ametolewa akikamua ng’ombe. Alipokata simu akafungia kanda zake kabatini akasema, “Umemzika mama yangu ili usiseme unakwenda kutembea na mimi? Basi tusiende.”

Jikoni nina sufuria tisa, zote zimeandikwa majina kwenye plasta isipokuwa ya bluu iliyokuja na makande, mfuniko si wake, na mwenyewe simjui. Nilifikiri tuende kimyakimya, tukirudi tuvae sura za msiba mpaka wasahau. Au tuahirishe? Nampenda sana huyu mwanamume. Nifanyeje?

Niliyejibana, Crystal

*

Mwanangu wa Crystal,

Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Sura za msiba? Mtoke Lima na vicheko usoni, halafu umwambie Generosa mlikuwa makaburini? Na siku mama mkwe akituletea salamu kanisani, utasema zimetoka wapi?

Hebu niambie, nani alikufundisha kwamba kupumzika na mume wako ni wizi? Umeogesha wagonjwa wa watu, umezika, umeozesha. Mtu mzima amejifunza lugha nzima kwenye foleni ya magari ili akuagizie samaki, nawe ukaona heri watu wadhani amefiwa. Hapo ndipo alipoumia. Anadhani unamwonea haya yeye.

Kwa hiyo leo mwombe msamaha, na usimpe sababu hata moja. Halafu mpigieni mama simu pamoja, umwombe radhi kwa kinywa chako. Nadhani atacheka kuliko mimi.

Sasa sufuria. Kwetu hazirudi tupu, unajua. Jumamosi pika, zijaze zote, mzipeleke wewe na Melkiori mlango kwa mlango hadi Coon Rapids, hata theluji ikiwa magotini. Sema kabla mfuniko haujafunguliwa: mama yuko hai, niliwadanganya, tunakwenda Lima kutembea. Usiongeze neno. Wengine watanuna, na wana haki, maana walitoka kwenye baridi ile kwa kukupenda. Generosa atapiga kelele, kisha atakutuma umletee kitambaa cha huko.

Jibu hili nalituma kwa posta leo. Gazetini litatoka Ijumaa, mtakapokuwa Miraflores, kwa hiyo wafikie kina mama kabla yangu. Na usiahirishe kitu. Mwanamume amekuandikia Jumapili yake yote, wewe unataka akuandikie nini tena?

Na ile sufuria ya bluu usihangaike kumtafuta mwenyewe. Ni yangu. Shangazi Nkatha ni jina la gazetini tu. Kanisani unanijua kwa lingine. Na yale si makande, ni githeri, ndivyo tunavyoyaita sisi Wakenya. Nilimlilia mama wa watu kutoka kwangu Brooklyn Center hadi mlangoni kwako, miwani ikaganda. Ilete mwisho, ikiwa imejaa, na uje na Melkiori. Nimeshajua mama yake ni mzima. Sasa nataka kumsikia yeye na Kispania chake.