Jina la Kwenye Beji

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Kifua cha wifi kimetulia? Mimi mwili hauna neno, ila moyo umechoka.

Barua yako ya msiba mama mwenye nyumba alinipa Jumanne. Najua mmeshamzika mama, na watu wanauliza binti yake yuko wapi. Kaka, nakuomba usome mpaka mwisho.

Siku yangu ya kwanza hapa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, msimamizi alijaribu jina langu mara tatu. Akasema jina gani hili, mtu akifika katikati anahitaji maji ya kunywa. Wote wakacheka, nami nikacheka. Akatoa kwenye droo beji ya binti aliyeacha kazi, akanibandika kifuani, na jina hilo ndilo alilolitia kwenye daftari na kwenye mkataba. Miaka minne naliitikia. Mama hakuwahi kulikata jina langu, hata akiwa na vibanio vya nguo mdomoni.

Jumatano nilipeleka ofisini ile barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri uliyoniambatishia, niombe ruhusa ya kuja. Karani akasoma majina yetu watoto, akaitazama beji, akasema pole, lakini jina la kwenye beji halimo, kwa hiyo marehemu huyu si mama yangu. Nikieleza, watasema niliingia kazini kwa jina la mwingine. Msimamizi alikuwapo. Aliinama akafunga kamba za viatu.

Sasa lile lililonikaa kooni. Uliandika kwamba ulipiga simu kazini mama akiwa bado anaongea, ananiulizia, na mwanamke akakujibu, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Mashine zilikuwa zinanguruma, hukuijua sauti. Kaka, ni mimi niliyejibu. Wenzangu walikuwa wamesimama karibu, nikaogopa wasije wakalisikia jina langu wakaanza tena kucheka. Nikajiambia nitakupigia Jumapili. Mama akaondoka Ijumaa.

Sina la kujitetea. Ukiona nafaa kujibiwa, usipitishe kwa mama mwenye nyumba. Tuma hapa kazini, uandike jina langu lote juu ya bahasha. Msimamizi hugawa barua mbele ya watu, na atauliza ni ya nani. Nitajitahidi ninyooshe mkono.

Wapakate watoto kwa niaba yangu, na wifi mwambie pole yake imenifikia.

Ni mimi, mdogo wako.