Siku Nilipopanda Boti Yako

Owino mwanangu,

Mwalimu wetu wa ngumbaru ametuambia kila mtu aandike barua kwa mtu wake aliye mbali. Mama Nekesa amemwandikia mumewe Nakuru. Mimi nilikaa na penseli mpaka chai ikapoa. Basi nimekuandikia wewe. Mwalimu nitampa nyingine, nitajifanya namwandikia dada yangu Bunyore.

Sisi hatujambo. Baba yako bado anakwenda kazini reli, goti linamsumbua mvua ikikaribia. Dada yako Akinyi amejifungua msichana, ana masikio kama yako, yale ya kusimama. Bei ya sukari imepanda. Jirani wa nyumba ya tatu amehamishwa Eldoret na mbuzi wake wote. Sijui kama mambo haya yanakuhusu. Nayaandika tu.

Wiki iliyopita nilipanda boti yako.

Ndiyo, mimi. Mwenye boti alimtuma mtu nyumbani aseme kwamba mwaka umeisha tangu siku ile, na kwamba nikitaka kuzunguka ziwani na wageni na kula chakula cha mchana, nafasi iko. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisumbua? "Mama, njoo siku moja tu, nitakukalisha mbele kama mke wa gavana, nikueleze mji wako." Nikakuambia mimi si bata. Miaka minne ulisimama pale na kile kipaza sauti ukiwaeleza watu wa Nairobi habari za Kisumu, na mimi mama yako sikukusikia hata mara moja, isipokuwa ukiwa bafuni unajizoeza.

Sikwenda kutazama mji. Nilikwenda kwa sababu boti hiyo hupita mbele ya ufuko wa Dunga, na ni mbele ya Dunga ule mtumbwi mliouazima siku yako ya mapumziko ulipopinduliwa na upepo. Wenzako wawili walivutwa wakatoka. Wewe hukutoka, na mpaka leo hujaonekana. Nilitaka kupaona tu. Sijui nilidhani nitaona nini.

Na kulikuwa na jambo lingine. Ndugu za baba yako walikuja kutoka Awasi. Wamesema mwaka unatosha. Unaijua desturi yao, mtu akipotelea majini mwili usipatikane, wanachuma tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kama lina kamba, wanalizika mahali pa mtu, ili naye apumzike asizungukezunguke. Mimi mtu wa Bunyore, jambo hili nimelikuta kwa wakwe. Baba yako mdogo alikuwa ameshalichuma. Liko ghalani.

Nikawaambia mtu haziki aliye hai. Nikasema labda Owino aliokotwa na watu wa Uganda. Labda alipigwa na mbao kichwani akasahau jina lake. Wangapi walikwenda vitani wakaliliwa, halafu wakarudi na masanduku yao? Nikasema mkichimba hilo shimo, nitaingia mimi.

Baba yako mdogo akasema, "Mama Owino, basi tutalichimba pana."

Unamjua mdomo wake. Hakuna aliyecheka. Halafu baba yako akacheka, akacheka, nikaona kumbe analia. Mimi sikulia. Tangu siku ile sijalia, watu wananitazama. Ndani ni kama mguu uliokaliwa vibaya, unaugusa husikii. Wakanipa mpaka Jumamosi hii. Baba yako alikataa lizikwe bila neno langu. Alisema, mama yake ndiye aliyemzaa na kitovu kimemzunguka shingoni, tukamwita Owino kwa ajili hiyo, na mama yake ndiye atakayesema.

Basi nikapanda boti nikiwa na hilo neno, sijui niliweke wapi.

Nilivaa sweta mbili. Nikaomba lile jaketi la kuelea, nikalifunga mpaka shingoni, nikakaa nalo safari nzima, mimi peke yangu. Kulikuwa na familia moja ya Wahindi wa pale madukani, walimu wawili kutoka Kericho, na maarusi wapya, yule bibi harusi bado ana hina mikononi. Na aliyekuwa akieleza ni Bwana Okumu, yule mzee aliyekufundisha kazi. Wamemtoa nyumbani kwa sababu hawajapata mtu wa kushika mahali pako. Aliponiona alivua kofia. Halafu akaivaa tena, akaenda kushika kipaza sauti.

Tukaondoka gatini. Akaonyesha mwisho wa reli akasema, "Mabibi na mabwana, hapa ndipo reli ilipochoka, ikaketi chini, ikanywa maji."

Watu wakacheka. Hayo ni maneno yako. Niliyasikia mara mia kupitia mlango wa bafu.

Akaeleza jinsi meli za kwanza zilivyoletwa vipande vipande, nyingine vichwani mwa watu, zikaungwa hapa ufukweni kama nguo. Sikujua hayo. Nimeishi Kisumu tangu niolewe na sikujua. Akaonyesha maghala, matangi ya mafuta, nyumba za wakubwa kule juu. Kutoka majini mji wetu ni mdogo, Owino. Nilitafuta nyumba yetu sikuiona, niliona moshi tu. Akaonyesha ile miti iliyokufa imesimama, akasema maji yalifika pale mwaka ule wa mvua kubwa kabla ya uhuru.

Halafu akasema, "Maji yalipopanda, kulikuwa na mama mmoja hapa mjini, alimfunga mtoto wake kwa leso kwenye mguu wa meza, asiende kuyatazama. Mtoto akaja nayo meza mpaka mlangoni."

Wakacheka sana. Hata mimi nilicheka. Kumbe ulikuwa unawaambia hiyo. Nafikiri mzee alisahau kidogo kwamba nipo, alikuwa anasema tu kama ulivyomzoesha. Mwalimu mmoja wa Kericho akanigeukia akaniambia, "Lakini huyo mama alikuwa na akili." Nikamwambia ndiyo, alikuwa akiogopa.

Kisha wakaleta chakula, na tulikuwa tunakaribia Dunga. Pale Bwana Okumu huwa anaeleza habari za viboko. Siku hiyo hakueleza. Alizima kipaza sauti, ikabaki sauti ya injini na ya sahani.

Wakaniwekea sahani. Samaki mzima, ngege wa kukaanga, na nyanya juu, na ugali. Jicho lake limeelekea kwangu.

Bibi harusi akasema, "Kula, Mama, itapoa."

Nikashika tonge. Nikaliweka. Nikalishika tena.

Yule mwalimu akasema, "Hee, mtu wa Kisumu hali samaki? Sasa sisi wa milimani tufanye nini?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa na mwiba kwenye meno, anafurahi.

Owino, sijala samaki tangu siku ile. Baba yako nilimwambia ni tumbo. Akinyi nilimwambia nimechoka na miiba. Sokoni napita upande wa mboga, nikifika kwa wale mama wa samaki naangalia viatu vyangu. Hakuna aliyenikataza, wala sikujikataza mwenyewe. Mwaka mzima napika maharagwe, baba yako anayala. Na hata jioni ile waliyokuja wa Awasi napika maharagwe, nawabishia wazee kwamba uko Uganda.

Nikaitazama ile sahani. Nikajiuliza, kama Owino yuko Uganda anakula matoke, samaki wa ziwa hili wamenikosea nini?

Nilikaa pale na lile jaketi shingoni. Mkono wangu ulikuwa umejua mwaka mzima. Mdomo ndio uliokuwa ukibishana.

Bwana Okumu akaja, akaondoa sahani bila kuniuliza, akaleta chai na mkate. Akainama akasema taratibu, "Ni hapa, Mama." Nikatazama. Yalikuwa maji, rangi ya udongo kidogo, na matete kule pembeni, na ndege mweupe. Hapakuwa na alama yoyote. Nilidhani moyo utapasuka. Haukupasuka. Nikanywa chai, ilikuwa na sukari nyingi. Boti ikageuka.

Tuliposhuka, bibi harusi alinisaidia kufungua jaketi, kamba zilikuwa zimekaza. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia nimefika.

Nilimkuta baba yako ameketi mlangoni anakanda lile goti. Nikamwambia, "Waambie wa Awasi, Jumamosi iwe Jumamosi." Akasimama, akaingia ndani, akakaa humo kitambo, akatoka amenawa uso.

Kwa hiyo ni kesho kutwa, mwanangu. Sitaingia shimoni, usiogope. Nimeomba nilibebe lile tunda mimi, kutoka ghalani mpaka pale, na wamekubali. Wanasema ni zito kwa mwanamke. Mimi nilikubeba wewe na ndoo ya maji pamoja, nitashindwa na tunda? Nitalilaza kwa upande wa kulia, ulivyopenda kulala. Sijui kama linasaidia. Wenyewe wanasema mtu akizikwa hivyo anaacha kuzunguka, na mimi nataka uache kuzunguka, hata kama samaki sitakula tena mpaka nife.

Kuna kitu kimoja nakuahidi. Mwaka wote watu wakiniuliza nimesema kijana wangu alipotea, kijana wangu alisafiri. Jumamosi watataka mama aseme, mbele ya watu wote, na nitasema kwa sauti, sitamwachia baba yako. Nimejaribu jikoni, neno halijatoka. Kwa hiyo naliandika hapa kwanza, polepole, mdomo upate kuzoea.

Owino amekufa.

Kwaheri, baba. Lala.

Mimi mama yako