Ng'ambo ya Barabara Kuu

Jumatatu, 6 Januari

Theluji tangu jana, kwa hiyo leo tumefungua saa nne. Mwalimu mkuu, Bwana Pruitt, ameingia ofisini na ramani ya bodi ya elimu, bado ina joto la printa. Akaitandaza kwenye kaunta yangu. Wanataka kuchora upya mipaka ya shule ili watoto wasome wamechanganyika — weusi, weupe, Walatino, wenye nacho na wasio nacho. Hapa shuleni Millrace watoto wanane katika kila kumi wanakula chakula cha bure, kile cha familia zisizo na uwezo. Shule ya Larkspur Hill, ng'ambo ya barabara kuu, hafiki hata mmoja katika kumi. Na kati yetu ni maili moja na robo tu.

Watoto mia na ishirini wa kule waje kwetu, mia na ishirini wetu waende kule. Bwana Pruitt alikuwa ananitazama, anasubiri nishangilie. Nikamwambia wino wa printa unakaribia kwisha.

Lakini moyoni — ndiyo. Mwaka wa kumi na tisa huu niko kaunta hii, karani wa shule. Nimewaona walimu wazuri wakihama mmoja mmoja. Nasema ndiyo.

Jumamosi, 11 Januari

Bwawani na Maren, kama kila Jumamosi. Mazoezi ya majini, sisi wawili na bibi kumi na mmoja wanaotushinda kwa pumzi. Maren anakaa Larkspur, mwanawe Anders yuko darasa la pili kule. Mama yangu alipolazwa, ni Maren aliyekuwa akikaa naye kila Jumanne ili mimi niende kazini. Hilo silisahau.

Leo tumeongea kila kitu. Magoti. Bei ya mayai. Mumewe na mashine yake mpya ya kuondolea theluji. Ramani hakuigusa. Mimi pia sikuigusa. Tumevaa haraka kuliko siku zote.

Jumanne, 14 Januari

Mkutano wa wazazi, ukumbi wa sekondari. Watu wamejaa hadi kwenye korido. Dakika mbili kwa kila msemaji.

Bwana mmoja wa Larkspur: wao si wabaguzi, tatizo ni umbali. Mwanamke nyuma yangu akasema, si kwa sauti ndogo, "Mbona kwenye mpira mnawaendesha watoto maili arobaini?" Watu wakacheka, hata wa upande wa yule bwana.

Namba thelathini na moja alikuwa Maren. Sikujua kama amejiandikisha. Alisema walijibana miaka kupata nyumba ile kwa sababu ya shule. Alisema anapenda mchanganyiko, ana marafiki wa kila aina. Kisha: "Lakini siwezi kumtoa mwanangu kafara kwa ile shule."

Ile shule.

Akapigiwa makofi. Alipokuwa anarudi kwenye kiti ndipo aliponiona — safu ya nne, koti jekundu, sifichiki. Akasimama. Halafu akaenda kukaa.

Jumatano, 15 Januari

Ujumbe wa Maren kwenye simu: Odessa, sikuwa nakusema wewe.

Alikuwa anamsema nani? Mpishi wetu? Watoto? Sijajibu.

Ijumaa, 24 Januari

Reina Argueta amekuja na sare ya hotelini, hata aproni hajavua. Binti yake Yoselin yuko darasa la tatu hapa kwetu, ana pumu. Jengo wanamokaa limo kwenye ramani: Yoselin ataenda Larkspur.

Mimi, mjinga, nikampongeza. Kwa Kihispania changu cha kuokoteza hapa kaunta.

Hakutabasamu. "Mama Odessa, akibanwa kifua hapa, unanipigia, nafika kwa miguu dakika sita. Huko nitafikaje? Gari sina. Basi la mji halivuki barabara kuu."

Nikasema kule kuna nesi kila siku, sisi tunaye siku mbili tu kwa wiki. Kuna maktaba kubwa.

"Najua. Lakini nani alituuliza sisi?"

Ndiyo yangu ninayo tangu tarehe sita, na sijamuuliza mtu hata mmoja wa jengo lile. Tumekaa tukaandika barua kwa bodi, kuomba basi livuke. Alisaini kwa herufi kubwa, akarudi kazini anakimbia.

Jumanne, 28 Januari

Kura za bodi: nne kwa tatu. Imepita! Inaanza Agosti. Kuhusu basi la mji, mwenyekiti amesema "tutaliangalia."

Bwana Pruitt amelia chooni, anadhani hatukumsikia. Mimi nimefurahi. Halafu nikaikumbuka aproni ya Reina, furaha ikakaa upande.

Jumamosi, 1 Februari

Jumamosi ya tatu sijaenda bwawani. Magoti yanauma.

Alhamisi, 6 Februari

Naandika harakaharaka, niko stoo ya karatasi.

Leo ndiyo siku ya kwanza ya uandikishaji wa watoto wanaohamishwa. Reina amefika mapema kuchukua faili la Yoselin la hospitali, alipeleke Larkspur. Nimemkalisha kwenye benchi nikitoa nakala. Mlango ukafunguliwa — Maren, na Anders amevaa buti za theluji.

"Karibu Millrace. Nikusaidie nini?" Sauti ile ninayowapa wageni. Akawa mwekundu uso mzima.

"Nimekuja kuona tu. Bado hatujaamua, kuna ile shule ya kanisa pia..." Akashusha sauti. "Odessa, nilisema vibaya."

"Ulisema ulichokuwa nacho moyoni."

Anders alikuwa ameshabandika pua kwenye kioo, anawatazama darasa la pili wakiviringisha theluji uwanjani. Akauliza kama anaweza kutoka. Mama yake akasema ngoja. Akauliza tena. Maren akaenda kukaa kwenye benchi, nafasi iliyokuwepo ni karibu na Reina tu.

Kisha Reina akaniuliza kwa Kihispania: huyu mama anatoka kule Larkspur? Nikamwambia ndiyo. Akamgeukia Maren, akamtazama vizuri, kwa heshima kabisa, halafu akarudi kwangu.

"Basi niulizie, Mama Odessa. Huko kwao, pale ofisini, kuna mtu kama wewe?"

Maren hajui Kihispania. Alichoshika ni jina langu tu. "Anasema nini?"

Nikasema ngoja, naleta fomu. Fomu zenyewe ninazo mkononi, dakika ya tatu hii nimesimama hapa katikati ya maboksi, sijui nimtafsirieje swali hilo mtu aliyetuita "ile shule". Maren ananiita tena, polepole.

"Odessa? Ameuliza nini?"