Mbegu Nilizotoa kama Matabishi

Kalemie, Jumamosi. Upepo wa ziwani unaupiga mlango tangu asubuhi, umeme haujarudi, nami nina furaha isiyofaa kuandikwa na mtu aliyesoma.

Nimemwangusha Héritier.

Nieleze kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa chuoni. Katika mchezo wa mashamba tunaoucheza kwenye simu, sisi wachezaji wa Kalemie tumeingiza desturi ya soko letu: bei ikishakubaliwa, mnunuzi huomba matabishi, na muuzaji mwenye adabu humwongezea kitu kidogo bila malipo. Miezi miwili iliyopita nilimuuzia Héritier, ambaye tulihitimu pamoja, majembe kumi. Akaomba matabishi. Nikamwekea mfuko wa mbegu za ua jeusi nilizookota porini, kitu nilichokiona takataka, nikabonyeza kukubali. Ukishabonyeza, hakuna kurudi.

Siku iliyotangulia, watengenezaji wa mchezo walikuwa wametangaza kwamba ua hilo halitaota tena porini. Héritier alikuwa amelisoma tangazo. Mimi, mwenye shahada ya uchumi, sikulisoma.

Hasara ningeivumilia. Lakini aliandika kwenye kundi letu, mbele ya wote, akiniita kwa cheo cha shahada yangu: «Licencié, aksanti kwa matabishi! Ile siku ya somo la bei ulikuwaka wapi?» Tangu hapo naitwa Papa Matabishi. Hata wanamotari wanaobeba abiria kwa pikipiki kwenye kona yetu, ambao hawajui mchezo wenyewe, huniita hivyo.

Yeye akaanza kuziuza mbegu zangu moja moja, kwa bei ya kuwakamua wenzetu. Nami nikanunua moja. Nililipa bei yake yote. Sikuomba matabishi.

Safari hii nilikuwa nimelisoma tangazo hadi mstari wa mwisho. Ua jeusi laweza kupandwa, ila lataka kumwagiliwa mara tatu kila siku. Ukikosa mara moja, linakufa. Ni nani mjini hapa awezaye kutegemea umeme kwa kazi ya namna hiyo? Mimi nilikuwa na Mama Neema, mshonaji jirani yetu, ambaye ana paneli ya jua juu ya karakana yake. Kila asubuhi alinichajia simu bure. Mbegu moja ikazaa saba, na kila moja kati ya hizo ikazaa saba nyingine. Nilinyamaza, nikaendelea kumwagilia.

Leo ilikuwa siku ya soko ndani ya mchezo. Niliuza majembe kwa bei ya kawaida, na kila mnunuzi, hata asiyeomba, nilimwongezea mbegu ya ua jeusi. Kufikia saa sita mchana hakuna aliyezitaka tena mbegu za Héritier. «Unatuulia soko, wee!» aliandika. Mtu mmoja tu alimjibu: «Umuulize Papa Matabishi.» Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Saa nane ujumbe wa Mama Neema ukaingia.

Yeye naye hucheza, kati ya nguo moja na nyingine. Kwa miaka miwili alikuza bustani ya michungwa ndani ya mchezo; husema ndicho kitu chake pekee ambacho hakuna mteja wala mtoto anayekidai. Jana alimpa Héritier bustani hiyo yote kwa mbegu tatu. Leo mimi nimezigawa bure.

«Kila asubuhi unachomeka simu yako hapa kwangu,» aliandika. «Ungesema tu: Mama Neema, usinunue. Hiyo njo ilikuwa kazi nguvu?»

Shajara, nikiri hapa nisichomwandikia yeye. Juzi, akiwa anapima kitambaa, aliniuliza kama mbegu zile zina thamani kweli. Nilimjibu kwamba bei hutegemea soko. Jibu la mtihani, lenye alama zote. Niliogopa siri yangu isije ikavuja kabla ya Jumamosi.

Sijutii kumwangusha Héritier. Ningemwangusha tena leo hii. Kinachonichoma ni kwamba hajaanguka: amekalia mfuko usiouzika, ndiyo, lakini pia amekalia michungwa ya Mama Neema, na njia ya kuifikia nilimfungulia mimi.

Kesho, watu wakitoka misani, nitamwendea Héritier. Nitaweka shamba langu lote upande mmoja, yeye aweke bustani upande wa pili, nami sitabishana naye juu ya bei. Atacheka. Atawaandikia wote kwenye kundi kwamba Licencié ameuza tena bila kusoma. Michungwa itarudi kwa mwenyewe kabla hajamaliza kuandika.

Kisha, kwa jinsi ninavyomjua, ataomba matabishi.

Nitampa. Nimemwekea mbegu moja ya ua jeusi.