Sauti ya kompyuta inajifunza Kiswahili cha Mama

Likasi, Jumamosi. Mvua imekatika saa nne, barabara yetu imebaki matope mekundu, na umeme haujakatika tangu asubuhi. Nimefunga kibanda mapema. Sina uchovu, na hilo peke yake ni jambo la kuandika.

Nimekaa wiki nyingi bila kuandika hapa. Sababu ni aibu. Leo nimepata ujumbe ulionipa nguvu ya kusimulia yote kwa mpangilio, hata pale ninapoonekana mjinga.

Wanaonisoma tangu zamani wanajua ninafanya kazi gani: nina kibanda cha kuchapa barua, kutoa fotokopi na kutengeneza simu, karibu na soko. Wasichojua ni kwamba kazi hii nimeirithi kwa Mama Régine, mama yangu mzazi. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi za kampuni ya migodi, enzi za mashine zile nzito za chuma. Alichapa bila kutazama vidole. Baba, ambaye alifanya kazi kwenye mawe ya chokaa kule Kakontwe mpaka alipofariki, alikuwa akisema kwamba Mama anachapa haraka kuliko yeye anavyosema.

Alipostaafu, akina mama wa parokia walimchagua kuwa katibu wa chama chao. Kila mkutano yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu, na kila mkutano uliofuata yeye ndiye aliyezisoma mbele ya wote. Ilikuwa kazi bila mshahara, na aliipenda kuliko ile ya mshahara.

Kisha macho yakaanza kufifia.

Ni presha ya macho. Daktari alisema ilianza miaka mingi iliyopita na kwamba kilichopotea hakirudi. Lakini daktari tulimwona baadaye. Kwanza Mama alificha. Alikariri. Jumamosi alinifanya nimsomee kumbukumbu za mkutano mara tatu, eti asikilize kama kuna kosa, na Jumapili alisimama mbele ya akina mama akashika karatasi na kuzitamka zote neno kwa neno.

Siku moja alizitamka karatasi ikiwa kichwa chini.

Hakuna aliyecheka. Mama Béa, makamu wake, alisimama akaigeuza ile karatasi mikononi mwa Mama taratibu, kama mtu anayemtengenezea mwenzake kola ya nguo, kisha akarudi kukaa. Mama alimaliza kusoma. Kesho yake akatuma barua ya kujiuzulu, niliyoichapa mimi. Ndani yake aliandika kwamba kiwiko kinamuuma.

Baada ya hapo aliacha kutoka. Misa aliisikiliza redioni. Kompyuta yake ya zamani, niliyomtengenezea mwenyewe, aliifunika kwa kitambaa cha kiti.

Mimi nikasema nitatafuta dawa. Nilijua kuna programu zinazosoma kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye kioo. Nikachukua ile inayosifiwa sana, ya kampuni kubwa, kwa majaribio ya bure ya dakika chache. Mama alichapa nusu ukurasa huku sauti ikimrudishia kila neno kwa Kifaransa, na uso wake ukaanza kufunguka. Ghafla sauti ikakatika katikati ya neno. Muda wa majaribio ulikuwa umekwisha.

"Juu ya nini ananyamaza?" Mama akauliza. "Nilimukosea?"

Nikamwambia subiri, tutainunua. Nikafungua ukurasa wa kununua. Wakataka jina, wakataka barua pepe, kisha wakataka nchi. Ikafunguka orodha ndefu ya nchi za kuchagua. Nikaishuka polepole, nikaipanda tena. Yetu, Kongo, haikuwemo.

Hapa inabidi niungame.

Orodha ya namna hii haikuwa ngeni kwangu. Nina konsoli ya michezo, na nimeitetea kwenye blogu hii kwa maneno makali. Niliandika kwamba kompyuta ni ya kazi na konsoli ni ya raha, kwamba kampuni inayofunga vitu vyake inavifunga ili vifanye kazi vizuri, kwamba wanaopenda programu huria ni watu wanaopenda kuteseka. Nisichoandika ni kwamba duka la konsoli hiyo nalo halina Kongo kwenye orodha yake. Kwa miaka sita, kwenye daftari za kampuni ile, mimi ni mkazi wa Ubelgiji, mji wa Liège, mtaa niliouokota kwenye ramani. Sijavuka hata mpaka wa Zambia.

Miezi michache iliyopita waliniomba uthibitisho wa makazi. Ningetoa wapi? Akaunti ikafungwa. Michezo yote niliyoinunua, moja moja, kwa kadi zinazouzwa Lubumbashi, ikatoweka siku moja. Konsoli inawaka vizuri. Haina cha kunionyesha.

Niliumia, lakini sikumwambia mtu. Ni vigumu kulia kwa sababu umefukuzwa Liège.

Basi nilikuwa mbele ya orodha ya pili, kidole kikiwa tayari juu ya neno Ubelgiji, Mama amekaa kando yangu mikono juu ya magoti akisubiri. Kidole kikakataa. Mwanamke huyu amechapa barua kutoka Likasi maisha yake yote, kila moja ikianza na jina la mji huu juu kulia. Nimwandike kwamba haishi hapa ili aruhusiwe kusoma?

Nikafunga ukurasa. Nikampigia Faustin.

Faustin ni mdogo wangu, fundi wa umeme kule Kolwezi. Yeye ndiye mpenzi wa programu huria niliyekuwa nikimcheka. Programu za namna hii, kwa wasiozijua, ni zile ambazo watu wameziandika na kuyaacha maandishi yake ya ndani wazi, kila mtu ayasome, ayabadilishe, ampe mwenzake. Miaka miwili nyuma alitaka kuziweka kwenye kompyuta ya Mama. Nikamzuia. Nikamwambia mbele ya mke wake kwamba vitu vya bure ni vya watu walioshindwa maisha. Tangu siku hiyo tuliongea kwenye misiba tu.

Simu ikaita mara nyingi. Alipopokea nilisema yote kwa pumzi moja: karatasi kichwa chini, kiwiko, sauti iliyokatika, orodha, na Liège. Nikangoja anicheke.

"Yaya," akasema, maana kwetu ndivyo mkubwa anavyoitwa na mdogo wake, "Ijumaa minakuya."

Basi.

Alikuja na flashi moja mfukoni na mkate wa njiani. Saa nzima hatukuongelea chochote cha zamani. Aliondoa kitambaa, akaingiza flashi, akaweka mfumo mpya, huria, wa kuiendesha kompyuta. Mfumo ule ulikuja na msomaji wake wa sauti tayari ndani, na sauti hiyo ilikuwa na Kiswahili. Ile programu ya kampuni kubwa haikuwa na Kiswahili kabisa, na mimi sikuwahi hata kuliona hilo kama kasoro.

Faustin akamwekea Mama kumbukumbu za zamani za chama. Sauti ikaanza kusoma. Mama akainamisha kichwa. Kisha akakunja uso.

Wanaotujua wanajua Kiswahili chetu. Sentensi inaanza kwa Kiswahili, inapita kwenye Kifaransa, inarudi. Ile sauti ilisoma kila neno la Kifaransa kwa herufi za Kiswahili. *Réunion*, yaani mkutano, ikawa kitu cha ajabu. *Trésorière*, yaani mweka hazina, ikawa ajali.

"Huyu bibi wa mu ordinatere alizaliwa wapi?" Mama akasema. "Anasema *trésorière* kama anatafuna mawe. Faustin, funga. Minye sitaki kusikia banaharibu kazi yangu."

Faustin wala hakushtuka.

"Mama, ile yote iko wazi," akamwambia. "Kuko liste ya namna anatamka maneno. Weye sema namna gani inapashwa kusemwa, minye naandika."

Mama akamgeukia.

"Kumbe naweza kumufundisha?"

"Weye mwenyewe."

Mpiga chapa wa zamani akavuta kiti. Nilimwona akinyoosha mgongo. Akatafuta kwa vidole vya shahada zile alama ndogo mbili zilizoinuka kwenye kibodi, F na J, akazipata, na mikono yake ikakaa mahali pake kama haijawahi kuondoka.

Walifanya kazi mchana ule, wakafanya Jumamosi, wakafanya Jumapili baada ya misa. Mama anatamka, Faustin anaandika, sauti inajaribu, Mama anakataa. *Réunion. Cotisation. Trésorière. Procès-verbal.* Akaongeza minye na weye na muntu, kwa sababu sauti ilivuta maneno hayo vibaya. Akaongeza majina ya akina mama wote wa chama, maana hakutaka hata mmoja aitwe ovyo. Mimi nilipika, na kila nilipopita nilisikia mashine ikisema zaidi kama mtu wa kwetu.

Jumapili jioni, Faustin akifunga begi, nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu, yakanitoka mafupi. Akasema, "Yaya, ulinipigia simu. Ilitosha." Kisha akaniuliza kama Liège ni kuzuri. Tulicheka hadi Mama akauliza kuna nini.

Jumapili iliyopita Mama aliniomba nimpeleke kwenye mkutano wa chama.

Nilibeba kompyuta, yeye alibeba mkoba wake. Tuliingia ukumbini. Hakukaa. Alisimama mbele akishika ukingo wa meza.

"Bamama, minye sioni tena. Kiwiko haikuuma hata siku moja, nilibadanganya. Ile siku nilishika karatasi kichwa chini, mulijionea. Kama munataka *secrétaire* mwenye macho, mutafute. Kama munataka mwenye kuandika bila makosa, minye niko hapa."

Mama Béa alikuwa amekaa kwenye kiti cha katibu, daftari mapajani. Akainuka.

"Minye nilikuwa nachunga tu kiti yako, Mama Régine. Kamata kazi yako."

Makofi yalipigwa. Mama hakusubiri yaishe. Alikaa, akaweka spika ndogo sikioni, na alipochapa tarehe ya mkutano sikio moja likiwa kwa mashine na lingine kwa akina mama, mimi nilitoka nje. Sikutaka anisikie nikilia.

Nisidanganye, kwa sababu uongo ndio ulioniingiza Liège. Programu huria si paradiso. Nimeuweka mfumo ule kibandani pia, na printa ilikataa kuongea nao siku mbili nzima. Mchezo wa mpira wa bure niliouweka una wachezaji wanaokimbia kama magogo yaliyofungwa kamba. Konsoli yangu bado naipenda, mpira wake ni mzuri, na kampuni ikiandika siku moja Kongo kwenye orodha yake, nitarudi kwa jina langu na anwani yangu ya kweli. Waliotengeneza vitu vile ni mafundi hodari. Ninachojua sasa ni tofauti kati ya kitu nilichoruhusiwa kukitumia na kitu ninachoweza kukirekebisha. Nilidhani hilo ni jambo la wanaume wabishi wa kwenye intaneti. Kumbe ni jambo la Mama na neno *trésorière*.

Sasa ujumbe wa leo.

Kabla ya kuondoka, Faustin alituma ile orodha ya matamshi kwa wanaoitunza hiyo sauti, watu wa kujitolea ambao hatujui hata wanaishi wapi. Mimi sikutegemea kitu. Leo asubuhi wamejibu. Wameuliza maswali mawili, wamesahihisha alama moja, na wamekubali. Toleo lijalo litakuwa na maneno ya Mama ndani yake, kwa yeyote atakayeliweka, Kolwezi au Kamina au popote Kiswahili kinapoongewa kama chetu. Hawakuuliza tunaishi nchi gani.

Nilimsomea Mama. Alinifanya nirudie. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayekagua duka, kama mashine inajua pia Tshiluba, lugha anayotumia kusali.

Nikatafuta. Nikamwambia hapana, Mama, hakuna sauti ya Tshiluba niliyoiona. Hakuna aliyeianza.

"Inaanzaka namna gani?"

Nikampigia Faustin, akaeleza. Mtu mmoja anakaa mahali pa kimya na kusoma sentensi, moja moja, kwa sauti iliyo wazi, mamia kwa mamia. Ni kazi ya miezi. Tshiluba ina milio ya juu na ya chini, na ukikosea mlio neno linageuka neno lingine, kwa hiyo anatakiwa mtu makini, mwenye subira, asiyependa makosa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kipaza sauti kiko wapi.

Ninaandika haya kwenye meza ya jikoni. Nimetundika mablanketi mawili kwenye dirisha la chumba chake ili kelele za barabarani zisiingie. Kesho baada ya misa atasoma sentensi ya kwanza. Ameshaichagua, na amekataa kuniambia ni ipi.