Mahali Alipolala Ithungu

Bwera, 3 Juni 2014

Mwanangu Biira,

Wabukiri, umeamkaje? Huku tunaendelea, ila magoti yangu yananung'unika kila asubuhi. Utanicheka kuona barua na simu ninayo. Lakini maneno ya simu yakikatika hunitoka. Barua naweza kuirudia mpaka initulie.

Juzi nilikwenda Maliba. Baba yako mdogo, Nobert, aliniita: greda la barabara litapita katikati ya shamba letu la zamani, kwa hiyo tumhamishe mdogo wako Ithungu kabla halijafika. Unajua tulivyomzika mbiombio wakati wa vita, bila hata kumpandia mti wa kaburi, tukiogopa waasi wasijue kuna watu karibu. Nilisema siku ile, mti wa nini, si mimi mama yake nitakumbuka. Nilijivuna, mwanangu.

Nilionyesha karibu na jiwe. Vijana wakachimba, udongo mtupu. Nikaonyesha chini kidogo, mtupu. Mara ya tatu Nobert akaweka jembe chini. "Mama Biira, mutoto iko fasi moja, haiko fasi tatu." Aliniambia taratibu, anavyoongea mtu na mgonjwa.

Greda linakuja mwisho wa mwezi. Usingizi umenihama, chakula hakipiti. Wewe ni muuguzi, niambie bila kunipaka mafuta: kichwa changu kimekufa?

Mama yako,
Yayeri

Kasese, 9 Juni 2014

Mama mpendwa,

Pokea salamu za joto la Kasese. Hayo magoti unayakanda? Barua yako Musitafa aliniletea na lori lake, inanuka samaki wa Kahendero kuliko samaki wenyewe.

Kichwa chako hakijafa. Mwezi uliopita Daktari Acan alitufundisha juu ya wazee. Alituonyesha picha za ubongo, zilizopigwa watu wakikumbuka vitu vilikaa wapi. Kwa vijana zinawaka zaidi sehemu za nyuma, zinazoshika sura na mahali. Kwa wazee hizo zinafifia, na sehemu za mbele, kulia na kushoto, zinaitwa kuja kusaidia. Ndiyo maana unachoka. Mzigo uliouinua kwa mkono mmoja sasa unautwika mikono miwili.

Alisema pia kwamba mzee ukimwuliza mahali palivyokaa kwa jumla anaweza kupotea, lakini ukimpa njia aliyoizoea, miguu inamkumbusha. Basi usisimame tena katikati ya shamba kunyoosha kidole. Shika njia ya zamani. Nimeomba ruhusa Jumamosi ya tarehe 21, twende pamoja. Peke yako usiende, nakusihi.

Binti yako,
Biira

Kasese, 17 Juni 2014

Mama,

Hujambo, popote ulipo? Simu yako imezimwa tangu Jumapili. Jirani yako Saudah anasema ulifunga kibanda ukapanda gari la alfajiri. Nobert anasema hajakuona. Ulipita hapa hapa Kasese na hukushuka!

Nimekasirika, Mama, na nimeogopa zaidi. Kila nikimaliza kumchoma mgonjwa sindano napiga tena namba yako. Mimi ndiye niliyekuambia ushike njia. Isije ikawa ndiyo iliyokupoteza.

Musitafa anapanda Maliba na barua hii. Nimemwambia asirudi nayo.

Biira wako

Maliba, 19 Juni 2014

Binti yangu,

Usininunie. Mimi mzima, ni simu iliyokosa moto. Niko kwa Mbambu wa ng'ambo ya mto, yule tuliyekimbia naye. Sikutaka uje, maana kama ningeshindwa tena, sikutaka unione.

Nilifuata maneno yako. Nikapanda njia ya zamani kutoka kivukoni hadi shambani. Sikuona kitu. Kesho yake nikapanda tena, kisha nikakaa chini nikalia. Mbambu akaniambia, "Yayeri, siku ile hatukupanda. Tulikuwa tunashuka."

Ni kweli. Tulimzika, tukashuka tukikimbia, na pale kivukoni niligeuka nyuma mara ya mwisho. Basi nikashuka, nikaupa mlima mgongo, nikageuka. Biira, palinijia pote. Nikampungia mkono Mbambu, niliyemwacha huko juu shambani, sogea, sogea tena, mpaka nikapaza sauti: hapo. Tukamwita Nobert na vijana, wakachimba wakakuta shanga zake za kiunoni. Nobert alivua kofia.

Tutamzika Jumamosi nyuma ya kanisa, na safari hii mti tunapanda.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kuliko lile. Mahali nimepapata, uso wake haunijii. Nimeutafuta nikipanda, nimeutafuta nikishuka. Picha hatukuwahi kupiga. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mlilala mkeka mmoja. Jumamosi uje mapema, kabla watu hawajafika, uniambie mdogo wako alifananaje.

Mama yenu,
Yayeri