Karanga ya Ubeti wa Pili

Mdogo wangu wa pekee,

Kabla ya yote nakusalimu, tena nakukumbatia mpaka mbavu zako zilalamike. Hujambo huko kwa mwanao? Kidonda cha kooni kimekauka? Uji unaumaliza, au unamwachia paka? Sisi huku wazima. Magoti yangu yananuna kila asubuhi, lakini nikishayatukana kidogo yanatembea. Shemeji yako anapiga ngoma kama zamani, na akilala anakoroma kwa mpigo uleule.

Nakutumia barua kwa sababu simu hainifai. Tangu madaktari wakutoe lile dubwana kooni, na sauti ikaondoka nalo, nikikupigia nasikia pumzi tu, nami si mtu wa kuzungumza na upepo. Kalamu sijui hata inashikwa upande gani, hilo unalijua. Basi mimi nasema na kuna mtu anaandika. Usiulize ni nani. Utamjua kabla sijakuaga, na nimemwonya asipunguze neno hata nikikutukana.

Mwanao ameniambia kwamba redio ikipiga wimbo wa bendi yetu unanyoosha mkono na kuizima. Kwa hiyo habari za bendi utazipata kwangu, upende usipende.

Bendi ipo. Mazoezi bado ni kwenye karakana ya seremala, katikati ya mbao na vumbi la msumeno, na mpiga tarumbeta bado anapiga chafya kabla ya kila wimbo. Jumamosi alasiri wanapiga ukumbini kwa ajili ya wazee wenzetu. Siku hizi tunacheza dansi jua likiwa juu, maana giza likiingia kila mtu anatafuta dawa zake. Lakini tunacheza! Yule mama fundi cherehani, uliyekuwa ukimwimbia kwa jicho moja, juzi kamzungusha mumewe mpaka miwani ya mzee wa watu ikaruka.

Shida ilikuwa wimbo wako. Sheria mliiweka wenyewe mkiwa vijana wenye vichwa vigumu: ubeti ni wa aliyeutunga, na mwingine hauimbi mpaka mwenyewe amkabidhi kwa mdomo wake, mbele ya wenzake. Basi tangu uondoke, wimbo ukifika ubeti wa pili, ule wako, waimbaji wanafunga midomo, vyombo vinatembea vyenyewe, na watu wanacheza huku wanatazama kipaza sauti kisicho na mtu. Mimi nilikuwa natoka nje. Nikamwambia Vidole, huyo kiongozi wenu mpiga gitaa, kwamba huo si muziki, huo ni msiba wa kila Jumamosi. Akanijibu kwamba sheria ni sheria. Nikamuuliza mtu aliyepasuliwa koo atakabidhi kwa mdomo gani. Akaanza kukaza nyuzi ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

Ndiyo maana nilipanda basi kuja kwako mwezi uliopita. Tulikaa barazani, nikakueleza yote, nikakuomba umwachie mwingine ubeti wako. Niliporudi niliwaambia umekubali kwa kichwa, nimeona kwa macho yangu. Vidole alivua kofia, akasema kwa mtu asiye na sauti kichwa kinatosha. Shemeji yako alitoka nje, akadai ni vumbi la msumeno.

Ubeti akapewa binti mmoja mgeni kwenye bendi, mwenye sauti nzito ya mikwaruzo. Wimbo alikuwa ameujifunza redioni. Siku ya kwanza ya mazoezi akaingia palepale gitaa linapofungua njia, na bendi nzima ikaanguka kama kabati la vyombo. Ngoma huku, besi kule. Vidole akafoka kwamba binti ameingia mapema. Binti akashikilia kwamba ameingia kwa wakati, kama redioni, na labda wazee ndio wamechelewa. Mimi nilikuwa nimekalia kiti ambacho seremala hajakitia mgongo, nikacheka nusura nianguke kinyumenyume.

Wote wawili walikuwa sahihi! Redioni unaingia kwa wakati, kweli. Lakini huo wimbo mliurekodi kabla ya siku ile ukumbini ulipojitupia karanga mdomoni gitaa likilia, ikanasa menoni, ukachelewa ukiitafuta kwa ulimi, na shemeji yako akakusubiri kwa kugonga ukingo wa ngoma, ko, ko, ko. Watu wakashangilia, wakidhani ni ufundi. Nanyi bila haya mkauacha hivyohivyo maisha yote. Kosa lako limezeeka pamoja na bendi, sasa hata miguu ya wachezaji inalisubiri.

Nikamwita binti, nikampa karanga moja. Nikamwambia aitie shavuni, na asifungue mdomo kabla hajaimeza. Jumamosi akafanya hivyo. Gitaa likafungua njia, shemeji yako akagonga, ko, ko, ko, ukumbi mzima mguu mmoja hewani, binti anatafuna. Kisha akaingia. Mama fundi cherehani aliniminya mkono mpaka ukafa ganzi. Hakuna aliyetazama kipaza sauti, mdogo wangu. Walikuwa wanacheza tu, na mimi sikutoka nje.

Sasa kaa vizuri. Hukukubali. Kule barazani kichwa chako kilishuka kwa sababu ulikuwa unasinzia, hata ulikoroma kidogo. Niliona, nikaihesabu kuwa ndiyo, nikawahi basi. Nimewadanganya wazee wazima, na nikipata nafasi nitawadanganya tena. Nisingevumilia wakuzike kidogo kidogo kila Jumamosi nawe ungali unapumua.

Na huyo binti ndiye anayeandika barua hii. Ni mjukuu wangu, mtoto wa kitindamimba wangu, yule uliyesema ana sauti ya mlango mbovu. Uongo wangu ameujua sasa hivi, kwenye mistari hiyo hapo juu. Kalamu ilisimama, akanikodolea macho. Anasema haimbi tena mpaka umkabidhi mwenyewe. Nimemwambia aandike kwanza, anune baadaye.

Basi Jumapili baada ya chakula cha mchana tunakuja, bendi nzima. Vidole nitamwambia ukweli ndani ya basi, mahali ambapo hawezi kukimbia. Mwanao atoe viti nje. Sauti yako hatuidai. Wimbo utapigwa, binti atasimama mbele yako na karanga shavuni, shemeji yako atagonga ko, ko, ko, na wote watakutazama wewe. Ukitaka aimbe, inua kidole. Usipotaka tutagonga mpaka jioni, na chakula cha usiku utatulisha wewe.

Msalimie mwanao, mwambie nimemkumbuka na chumvi apunguze. Shemeji yako anakusalimu. Vidole angekusalimu pia kama angejua tunaandika.

Kidole utakiinua, nakujua. Ila hutakiinua papo hapo. Utatuchelewesha kidogo, kwa makusudi, na sisi tutasubiri.

Ni mimi dada yako,
niliyekubeba mgongoni ulipokuwa huna meno, na sasa huna tena.